Dawa Mbili Katika Mwili Mmoja

Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, muuguzi kwa kazi yake, mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kuchapishwa hapa kwa ombi la Halmashauri.



Halmashauri imenipa heshima ya kusema nanyi juu ya jambo ambalo si la kawaida katika mikutano yetu. Tumezoea kusikia habari za ada, za karo ya watoto, na za gharama za kuwasafirisha marehemu wetu hadi makwao. Lakini katika kazi ya kuwasaidia wagonjwa limezuka swali ambalo Katibu ameona lafaa kujibiwa mbele ya wote, maana halimhusu mtu mmoja wala nyumba moja.

Swali lenyewe ni hili. Mgonjwa alikwenda hospitali kwa ajili ya huzuni kuu iliyomshika, akarudi na dawa mbili. Moja ni ya kuondoa huzuni. Ya pili, jamaa walipouliza dukani, waliambiwa kwamba ni dawa ya kifafa. Sasa wauliza: mtu wetu hajapata kuanguka kifafa hata siku moja, mbona apewe dawa ya kifafa? Na kama dawa mbili zaweza kugombana ndani ya mwili, je, si afadhali tumpe moja tu, na fedha ya chama ipate kuenea?

Hilo ni swali la watu wenye akili, tena wenye uchungu na mtu wao. Nitalijibu kwa maneno machache kwanza, kisha nitayaeleza. Kutoa dawa ya kifafa kwa mtu asiye na kifafa si kosa. Ni matibabu yanayojulikana ulimwenguni. Dawa hizo mbili zaweza kukaa pamoja kwa amani, na mara nyingi ya pili ndiyo mlinzi wa ya kwanza. Lakini amani yao ina masharti, wala masharti hayo hayatunzwi na daktari peke yake. Yatunzwa na mgonjwa, na jamaa zake, na hata na chama hiki kinachotoa fedha. Anayeondoa dawa moja, au kuongeza ya tatu, bila ya kumwuliza aliyezipanga, huenda akamdhuru mtu anayemtakia heri.

Yafaa tuanze na maradhi yenyewe. Iko huzuni ya ugonjwa iliyo ya upande mmoja. Moyo wa mtu huzama kwa majuma mengi, usingizi humtoroka au humzidi, chakula hakina ladha, kazi aliyoizoea humshinda, na mawazo ya kufa humjia. Hiyo ndiyo sonona. Lakini uko ugonjwa mwingine wenye pande mbili, uitwao baipola. Mwenye ugonjwa huu huzama kama yule wa kwanza, lakini pia yako majira ambapo hupanda kupita kiasi. Hukesha siku mbili tatu asichoke. Husema mbio hata usipate nafasi ya kumjibu. Hukopa, hununua asivyovihitaji, hugawa mali yake, hujiona mkuu kuliko wote, na akikatazwa huwaka hasira. Majirani husema amelewa, au amerogwa, au fedha zimemtia kiburi.

Sasa, wazee wangu, shikeni neno hili. Mtu huyu huenda hospitali siku za kuzama zaidi kuliko siku za kupanda, kwa kuwa aliyepanda hajioni mgonjwa. Basi daktari humwona amejikunyata kwa huzuni, na asipoambiwa habari za miaka iliyopita, aweza kumpa dawa ya huzuni peke yake. Na dawa ya huzuni ikimwingia mwenye ugonjwa wa pande mbili bila ya mlinzi, yaweza kumtoa shimoni na kumpitiliza hadi juu ya paa. Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ya jamaa ni kusema kweli. Mwambieni daktari, "Mwaka fulani mtu huyu hakulala juma zima, akauza ng'ombe wote bila ya shauri." Mwambieni pia kama baba yake au shangazi yake alipatwa na hali kama hiyo, maana ugonjwa huu hufuata ukoo. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa usemi huo ni kweli tupu.

Je, dawa ya kifafa iliingiaje katika shughuli hii? Dawa za kuondoa huzuni si za kale. Mwaka 1957 daktari wa Uswisi, Roland Kuhn, alitangaza kwamba dawa moja iitwayo imipramini iliwainua wagonjwa waliozama katika huzuni. Baadaye zilifuata amitriptilini, na miaka mingi baada ya hizo fluoksetini na sertralini, ambazo leo hutumika sana. Dawa za kutuliza moyo usipande wala kuzama zina historia yao. Ya kwanza kujulikana ni lithiamu, ambayo si dawa ya kifafa, nayo ilitangazwa na John Cade huko Australia mwaka 1949. Kabamazepini ilitengenezwa Uswisi mwaka 1953, ikawa dawa ya kifafa, na katika miaka ya mwanzo ya 1970 madaktari wa Japani wakaonyesha kwamba huwatuliza pia wale waliopanda. Valproeti ina kisa cha ajabu: ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1882, ikawa ni kitu cha kuyeyushia dawa nyingine tu, hata mwaka 1962 huko Ufaransa ikagunduliwa kwa bahati kwamba kiyeyushi hicho chenyewe ndicho kilichozuia kifafa. Lamotrijini ni ya karibu zaidi. Mwaka 2003 ilikubaliwa rasmi Marekani kwa kuzuia ugonjwa wa pande mbili usirudi, naye huyu hasaidii sana dhidi ya kupanda bali husaidia dhidi ya kuzama.

Basi jina la dawa ya kifafa lisiwatishe. Halisemi kwamba mgonjwa ana kifafa, kama vile jembe la kulimia mahindi haliharibiki likilimia maharagwe.

Lakini msidhani kwamba dawa mbili daima ni bora kuliko moja. Mwaka 2007 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa Marekani kwa wagonjwa 366 wa pande mbili waliokuwa wamezama. Wote walikuwa wakitumia dawa ya kutuliza. Wengine waliongezewa dawa ya huzuni, na wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa ndani, pasipo kuambiwa ni kipi. Waliopata nafuu yenye kudumu walikuwa karibu 24 katika kila 100 upande wa walioongezewa, na karibu 27 katika kila 100 upande wa wasioongezewa. Nyongeza haikuleta faida iliyo wazi, ijapokuwa haikuwapandisha watu zaidi, kwa kuwa mlinzi alikuwapo. Hata hivyo wako wagonjwa ambao dawa hizo mbili pamoja ndizo zinazowasimamisha. Basi ni haki ya mgonjwa kumwuliza daktari kwa adabu: dawa hii ya pili ni ya kazi gani, nitaitumia kwa muda gani, na tutajuaje kwamba yafaa? Daktari mwema hachukizwi na swali kama hilo.

Nifike sasa penye kiini cha maneno yangu, yaani namna dawa hizi zinavyokutana. Dawa nyingi tuzimezazo hupita katika ini, nalo ini ni kama forodha ya bandari. Humo mna vimeng'enya, na hivyo ni kama makarani wa forodha: huishika kila dawa, huivunja, na kuitoa nje ya mwili. Kipimo ambacho daktari huandika kimehesabiwa kwa kufuata mwendo wa kawaida wa makarani hao. Zipo dawa ambazo zikiingia, makarani huongezeka na kazi huenda mbio. Basi dawa nyingine hutolewa upesi kabla ya kufanya kazi yake. Zipo nyingine ambazo huwazuia makarani. Basi dawa nyingine hurundikana bandarini hata ikawa sumu.

Kabamazepini ndiyo inayowaongeza makarani. Mtu anayeitumia pamoja na sertralini au amitriptilini aweza kumeza vidonge vyake vyote kwa uaminifu, na dawa ya huzuni isionekane kufanya lolote, kwa kuwa imefagiliwa nje. Makarani hawa hawaongezeki kwa siku moja. Huchukua majuma kadhaa. Na hata kabamazepini ikiachwa, huchukua tena majuma kadhaa kupungua. Hapo dawa ya huzuni ambayo ilikuwa haba hupanda yenyewe hata ikazidi. Ndiyo maana daktari hutaka kumwona mgonjwa mara kwa mara kila dawa inapoingia au inapotoka, ijapokuwa hakuna kilichobadilika katika vidonge vya ile nyingine.

Fluoksetini hufanya kinyume. Huwazuia makarani, na kabamazepini iliyoko mwilini huzidi. Dalili zake zajulikana: mtu huona vitu viwili viwili, hupepesuka kama mlevi, husinzia, hutapika. Majirani watasema amekunywa, kumbe hajagusa tone. Tena fluoksetini hukaa mwilini kwa majuma mengi baada ya kuachwa, hata majuma 5 hivi. Kwa hiyo anayehamishwa kutoka dawa hiyo kwenda nyingine yampasa kumwambia kila tabibu siku aliyomeza kidonge cha mwisho.

Liko jambo jingine katika ndoa ya dawa hizi mbili, nalo lawahusu wazee hasa. Kabamazepini hupunguza chumvi ya damu, na fluoksetini, sertralini na ndugu zake huipunguza pia. Zikiwa pamoja, mzee aweza kupungukiwa na chumvi ya damu pasipo mtu kujua. Kichwa humuuma, moyo humchafuka, huchanganyikiwa, hulala mno, na mwisho aweza kupatwa na degedege. Watoto husema, "Baba amezeeka sasa, akili imemtoka," nao humwacha kitandani. Kumbe kipimo kidogo cha damu kingaliweza kuonyesha ugonjwa wenyewe, nao hutibika. Wala asidhani mtu kwamba dawa yake ni kumwongezea chumvi katika mchuzi. Hiyo ni kazi ya hospitali.

Valproeti, kwa upande wake, huwazuia makarani wengine. Ikikutana na amitriptilini, amitriptilini huzidi: kinywa hukauka, mkojo hukwama, moyo hupiga mbio, usingizi humlemea mtu. Valproeti tena yaweza kupunguza chembe za kugandisha damu, na fluoksetini na ndugu zake hudhoofisha kazi ya chembe hizo. Kwa hiyo mtu mwenye dawa hizo mbili asizoee kununua aspirini au ibuprofeni kwa kila maumivu, na akiona damu ya pua isiyokoma, au mabaka meusi mwilini pasipo kugongwa, aende kupimwa. Valproeti yaweza kuliumiza ini lenyewe pia. Macho yakigeuka manjano, au tumbo likiuma kwa nguvu pamoja na kutapika, asingoje kesho.

Lamotrijini haigombani sana na dawa za huzuni, na kwa hiyo madaktari wengi hupenda kuziunganisha. Lakini ina sharti moja kali: yataka mwendo wa kinyonga. Kwa kawaida huanzwa kwa miligramu 25 kwa siku katika majuma 2 ya kwanza, kisha miligramu 50 kwa siku katika majuma 2 yanayofuata, ndipo hupandishwa pole pole. Ikiwa mgonjwa anatumia valproeti, mwendo huwa nusu ya huo, maana valproeti huirundika lamotrijini. Nataja hesabu hizi si ili mtu ajipimie, bali ili ajue kwamba udogo wa kidonge cha kwanza si ubahili wa hospitali. Anayepandisha kwa haraka aweza kutokwa na upele mbaya unaobabua ngozi, na kinywa, na macho, hata kumwua. Kabamazepini pia yaweza kuleta upele wa namna hiyo. Basi upele wowote katika majuma ya mwanzo ya dawa hizo ni neno la kupeleka hospitali siku hiyo hiyo, si la kupaka mafuta na kungojea.

Hapo ndipo safari zetu zinapoingia. Mmoja wetu akifiwa, twaondoka usiku, nasi hukaa bara juma zima au zaidi. Dawa husahauliwa mjini juu ya kabati. Mtu aliyekosa lamotrijini kwa siku zaidi ya 5 hivi hapaswi kurudi kwenye kipimo chake kikubwa kana kwamba hapakuwa na kitu. Yampasa kumwuliza tabibu, na mara nyingi ataanza tena kutoka chini. Na anayekatiza valproeti au kabamazepini ghafula aweza kupatwa na degedege, au ugonjwa wake ukarudi kwa nguvu. Anayekatiza dawa ya huzuni ghafula hupata kizunguzungu, wasiwasi, na usingizi wa kusumbuliwa. Kwa hiyo dawa iwe kitu cha kwanza kutiwa mkobani, kabla ya shuka na kabla ya rambirambi.

Mama zangu, nanyi wenye mabinti, nasema sasa neno zito. Valproeti humdhuru mtoto aliye tumboni. Katika kila mimba 100 zilizotumiwa dawa hiyo, karibu 10 huzaa mtoto mwenye kasoro kubwa ya maumbile, na watoto 30 hadi 40 katika 100 huchelewa katika kusema, kutembea, au kujifunza. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba wanawake na wasichana wanaoweza kupata mimba wasipewe dawa hiyo. Binti anayeitumia asiiache kwa hofu usiku huu baada ya kunisikia. Bali aende kwa daktari upesi, juma hili, abadilishiwe kwa utaratibu. Kabamazepini nayo ina madhara yake kwa mimba, ijapokuwa si makubwa kama hayo. Tena hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango na vile vijiti vitiwavyo mkononi, hata mtu akapata mimba akidhani amejikinga. Na vile vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huipunguza lamotrijini. Basi anayekwenda kliniki ya uzazi wa mpango na ataje dawa zake zote, wala asione haya.

Yako pia maradhi yetu ya kila siku. Dawa ya malaria itumikayo sana nchini Kenya, yenye artemetha na lumefantrini, haipasi kutumiwa pamoja na kabamazepini, maana makarani waliozidishwa huifagia kabla ya kuwaua wadudu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hufagia dawa nyingi za huzuni pamoja na lamotrijini. Dolutegraviri, dawa ya virusi vya ukimwi, hupunguzwa na kabamazepini, na kipimo chake hapana budi kibadilishwe. Tramado ya kutuliza maumivu, ambayo wengine huinunua kwa siri, ikikutana na fluoksetini au sertralini yaweza kumtia mtu homa, kutetemeka, kukakamaa na kuchanganyikiwa, tena yaweza kuamsha degedege. Pombe huzidisha usingizi wa dawa zote hizi na kuirudisha ile huzuni tunayoifukuza. Na mitishamba nayo ni dawa. Kama haingekuwa dawa, tusingeitumia. Basi itajwe kwa daktari kama dawa nyingine.

Na anayeombewa, aombewe. Sisi sote twahitaji maombi. Lakini dawa isiachwe mlangoni pa nyumba ya sala. Nafuu ya mwezi mmoja si ishara kwamba ugonjwa umekwisha. Mara nyingi ni ishara kwamba dawa inafanya kazi.

Kabla ya kumaliza, niseme juu ya hatari iliyo kubwa kuliko zote. Katika majuma ya kwanza ya dawa ya huzuni, na kipimo kinapobadilishwa, hasa kwa vijana walio chini ya miaka 25, mawazo ya kujiua yaweza kuzidi kabla ya moyo kutulia. Dawa za kifafa nazo zimetolewa onyo la namna hiyo. Siku hizo mgonjwa asiachwe peke yake, na vidonge vya mwezi mzima visikae mkononi mwake. Vikae kwa mtu anayemwamini, apewe kwa siku au kwa juma. Ni halali kumwuliza wazi, "Je, unawaza kufa?" Swali hilo halimtii wazo hilo moyoni, humpa mlango wa kusema. Zamani jamaa waliogopa kumpeleka hospitali aliyejaribu kujiua, kwa hofu ya polisi. Jueni ya kwamba mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, chapingana na Katiba. Mpelekeni mtu wenu kwa matibabu bila ya kukawia.

Na jina la Mathari lisitutie haya. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1910 kama mahali pa kuwafungia watu, nasi tulirithi hofu ya siku hizo. Leo ni hospitali kuu ya taifa ya rufaa na mafundisho, na aliye nje ya Nairobi aweza kuanzia katika hospitali ya kaunti yake.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, naomba kuweka mbele ya mkutano mambo matano.

Kwanza, kila nyumba yenye mgonjwa wa namna hii iwe na daftari moja dogo. Ndani yake iandikwe kila dawa, kipimo chake, siku ilipoanza, siku ilipobadilishwa, na saa za usingizi wa mgonjwa kila usiku. Usingizi ukipungua siku tatu mfululizo na mtu hachoki, hiyo ni kengele ya kupanda. Daftari hilo liende kila kliniki na kila duka la dawa.

Pili, dawa zinunuliwe mahali pamoja kadiri iwezekanavyo, kwa mfamasia aliyesajiliwa, ili awepo mtu mmoja aonaye orodha nzima.

Tatu, na hili lamhusu Mweka Hazina wetu, msaada wa chama usinunue nusu ya matibabu. Fedha ikiwa haitoshi, mgonjwa asiambiwe achague dawa moja. Aliyepewa fedha ya dawa ya huzuni na kunyimwa fedha ya mlinzi wake ameongezewa hatari kwa fedha yetu. Heri arudi kwa daktari na kusema, "Uwezo wetu ni kiasi hiki," naye daktari atatafuta dawa za bei nafuu zinazopatana. Fluoksetini, amitriptilini, kabamazepini, valproeti na lithiamu zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, wala si dawa za matajiri.

Nne, gharama ya vipimo vya damu, na nauli ya kwenda kuvifanya, ihesabiwe kuwa sehemu ya dawa yenyewe. Kipimo cha chumvi, cha ini, na cha chembe za damu si anasa. Ndicho kinachotuambia kama zile dawa mbili zinapatana.

Tano, majina ya wagonjwa yasisomwe mkutanoni. Mtu anayejua kwamba ugonjwa wake utatajwa mbele ya wakwe zake hataomba msaada. Atanunua nusu, atameza kwa siri, na siku moja ataacha kimya kimya. Siri ikitunzwa na watu wawili wa Halmashauri yatosha.

Wazee wangu, husemwa kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Lakini nanyi mliofuga mwajua kwamba hukaa, iwapo yupo mchungaji aliye macho, anayejua tabia ya kila mmoja, asiyemtia wa tatu zizini pasipo kufikiri. Mchungaji wa dawa hizi ni daktari, na nyinyi ndio macho yake, maana yeye humwona mgonjwa nusu saa kwa mwezi, nanyi mwalala naye chini ya paa moja. Mtu wetu aliyezama akiinuka pole pole, akarudi kazini, akalipa ada yake, na kuketi nasi hapa mwaka ujao, tutakuwa tumefanya kazi ambayo chama hiki kiliundwa ili kuifanya.

Nipo tayari kwa maswali, na mwenye swali la siri aje kwangu baada ya mkutano.